Lisome Zulia Kabla ya Kulilowesha
Somo kwa wasafishaji wa mazulia na wakazi wa Eliye Springs, Lodwar na Kakuma

Mazulia matatu, asubuhi moja

Kwa ajili ya somo hili, mfikirie msafishaji wa mazulia mjini Lodwar ambaye amefungua kazi mapema, kabla jua halijawa kali. Kufikia saa nne asubuhi, mazulia matatu yamekwisha kufika mlangoni pake.

La kwanza limeletwa kwa pikapu kutoka Eliye Springs, ufuoni mwa Ziwa Turkana, safari ya kilomita 60 hivi kwa barabara. Ni zulia la sufi. Maji ya ziwa yaliingia katika chumba cha wageni usiku wa upepo mkali, zulia likalala ndani yake hadi asubuhi. La pili limetoka mtaa wa karibu. Ni kapeti nene la sebuleni, lenye maziwa, chai, mafuta ya nyama na mkojo wa mtoto wa miezi mingi. La tatu limeshuka kwenye gari la abiria kutoka Kakuma, umbali wa kilomita 120 hivi. Limekunjwa, limefungwa kwa kamba, na ni zito kwa tope la mafuriko ya wiki iliyopita.

Wenye mazulia wote watatu wana ombi moja: lirudi kama lilivyokuwa. Ugumu wa kazi hii unaanzia hapo. Moja kati ya mazulia haya linaweza kuokolewa. La pili litarudi likiwa safi, lakini halitakuwa jipya tena. La tatu halifai kuoshwa kabisa. Msafishaji anayeyamwagia yote maji na sabuni mara tu yanapofika atayajua hayo akiwa amechelewa.

Somo hili linaeleza jinsi ya kutambua zulia linaloweza kupona, makosa yanayomaliza zulia lililokuwa na nafasi, na jinsi ya kumwambia mwenyewe ukweli. Linamfaa msafishaji anayeishi kwa kazi hii, na pia mkazi anayefua zulia lake nyumbani.

Kwa nini kazi hii ni ngumu zaidi Turkana

Mambo manne ya mahali hapa humkabili kila msafishaji.

Kwanza ni mchanga na vumbi. Upepo wa Turkana hauchoki, na kila mguu unaoingia nyumbani huleta mchanga. Chembe za mchanga zina kingo kali. Zikishuka chini ya nyuzi, kila anayepita juu huzisugua, nazo hukata nyuzi kidogo kidogo kama msasa. Mazulia mengi yanayosemwa kuwa yamechakaa yamekatwa na mchanga kutoka chini.

Pili ni uhaba wa maji. Lodwar hupata takriban milimita 200 tu za mvua kwa mwaka, na familia nyingi huhesabu maji kwa mitungi ya lita 20. Kuosha mazulia kwa kumwaga maji ovyo, kama inavyofanyika mahali penye mito mingi, hapa ni kupoteza maji ambayo jirani angeyanywa.

Tatu ni aina ya maji yenyewe. Ziwa Turkana halina mto unaotoka ndani yake. Maji huingia, hasa kutoka Mto Omo, kisha hupunguzwa na jua huku chumvi ikibaki. Ndiyo maana maji ya ziwa yana chumvi na magadi, na kipimo chake cha pH hupita 9. Kwa kipimo hicho, 7 ni maji yasiyo na uchachu wala magadi. Namba ikipanda juu ya hapo, ukali wa magadi unaongezeka, na sufi haupendi ukali huo.

Nne ni jua. Joto la mchana Lodwar hufikia nyuzi 35 na zaidi kwa sehemu kubwa ya mwaka. Jua hilo ni rafiki wa kukausha, lakini pia hufifisha rangi na kufanya nyuzi za plastiki zikatike upesi.

Hatua ya kwanza: lisome likiwa kavu

Zulia likishalowa, uamuzi mwingi umekwisha kufanyika. Rangi iliyochuja hairudi. Gundi iliyolegea haishiki tena. Kwa hiyo dakika kumi za kuangalia zulia likiwa kavu zina thamani kuliko saa mbili za kusugua. Ikiwa zulia limefika likiwa na maji, lichunguze kabla ya kuongeza maji mengine.

Msafishaji aanze kwa kujua nyuzi. Achomoe uzi mmoja mdogo kwenye pembe isiyoonekana, aushike kwa kibanio, kisha auchome mahali pasipo petroli wala upepo. Uzi wa sufi hunuka kama nywele zinazoungua na majivu yake husagika kwa vidole. Uzi wa pamba, mkonge au juti huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Uzi wa plastiki, ambao ndio ulio katika mazulia mengi ya bei nafuu, huyeyuka na kuacha tone gumu lenye harufu ya plastiki.

Baada ya hapo alipindue zulia. Mgongo husema mengi kuliko uso. Zulia lililofumwa kwa mkono huonyesha nakshi ileile upande wa nyuma. Lile la kiwandani mara nyingi lina kitambaa cha pili kilichobandikwa kwa gundi. Gundi ikiwa imekauka na kudondoka kama unga, zulia hilo halitavumilia maji mengi. Alikunje kidogo karibu na sikio. Likitoa mlio kama wa majani makavu yanayovunjika, nyuzi za msingi zimeoza na zitapasuka zikivutwa zikiwa na maji.

Kisha ajaribu rangi. Achukue kitambaa cheupe, akiloweshe kwa maji na sabuni atakayotumia, akibane juu ya kila rangi kwa dakika chache. Kitambaa kikishika rangi, zulia litachuja. Nyekundu na nyeusi zijaribiwe kwanza, kwa kuwa mara nyingi ndizo zinazoleta taabu.

Mwisho, aulize. Nini kilimwagika? Lini? Je, kuna kitu kilichowekwa tayari ili kuondoa doa? Swali hili la tatu ndilo lenye uzito zaidi. Madoa mengi sugu yalikuwa madoa ya kawaida hadi mtu alipoyapaka jik, maji ya moto au sabuni ya unga.

Hatua ya pili: mchanga utoke kabla ya maji

Sehemu kubwa ya uchafu ulio ndani ya zulia ni mchanga na vumbi kavu, na uchafu huo hauhitaji hata tone la maji. Zulia imara litandikwe kifudifudi juu ya turubai, lipigwe mgongoni kwa fimbo pana au kwa mkono wa fagio, kisha liinuliwe ili mchanga ubaki chini. Kazi hiyo irudiwe mpaka turubai libaki safi. Zulia dhaifu lisipigwe. Lifagiliwe taratibu kwa brashi laini kufuata mwelekeo wa nyuzi.

Anayeruka hatua hii hugeuza mchanga kuwa tope ndani ya zulia, kisha hutumia mitungi mingi ya maji kulitoa. Katika kaunti yenye maji haba, kupiga zulia vizuri ndiyo njia ya kwanza ya kuokoa maji.

Zulia la Eliye Springs: maji ya ziwa

Maji ya Ziwa Turkana yamepanda katika miaka ya karibuni na kufunika sehemu za ufuo zilizokuwa kavu. Anayeishi au kufanya kazi karibu na maji anahitaji kujua la kufanya zulia likifikiwa na ziwa.

Tatizo la zulia la sufi lililolala katika maji ya ziwa si kulowa tu. Maji yakikauka, chumvi na magadi hubaki. Nyuzi huwa ngumu, hupauka, na mahali pengine huonekana unga mweupe. Chumvi huvuta unyevu na uchafu mpya, nayo magadi huendelea kuudhoofisha sufi.

Kosa la kawaida ni kulirudisha ziwani ili kulisafisha, kwa kuwa maji yapo mengi. Kufanya hivyo kunaongeza tatizo lilelile. Kosa jingine ni kutumia sabuni ya unga, ambayo nayo ina magadi. Baadhi ya sabuni za unga zina pia vimeng'enya vya kula madoa ya protini. Sufi ni protini, kama nywele, kwa hiyo vimeng'enya hivyo hula na zulia lenyewe.

Njia inayofaa ni hii. Mchanga na unga wa chumvi vifagiliwe kwanza vikiwa vikavu. Zulia lisuuzwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kidogo kidogo, huku maji yakikamuliwa kwa ubao laini au mpira wa kusukumia maji. Kisha ioshwe sehemu kwa sehemu kwa sabuni ya maji isiyo kali, kama ile ya vyombo, kiasi kidogo. Katika suuza ya mwisho, nusu kikombe cha siki nyeupe ndani ya ndoo ya lita 20 hupunguza ukali wa magadi uliobaki, mradi jaribio la rangi limefanywa na siki hiyo pia. Likiwahiwa, zulia la namna hii laweza kupona. Likiachwa wiki nyingi, sufi hukatika.

Kuna onyo moja la Eliye Springs. Chemchemi iliyoupa mahali hapo jina hutoa maji yasiyo na chumvi, na watu na mifugo huyategemea. Ni rahisi kwa mtu kuona hapo ndipo pa kuoshea. Maji yachotwe, yabebwe, na zulia lioshewe mbali. Sabuni, rangi na nyuzi za plastiki zisiingie katika chemchemi.

Zulia la Lodwar: madoa juu ya madoa

Kapeti la sebuleni ni gumu kwa sababu madoa yake yanapingana. Linaloondoa doa moja hukaza jingine.

Damu, maziwa na mayai ni protini. Yanahitaji maji baridi. Maji ya moto huyapika ndani ya nyuzi kama yai linavyoiva, na baada ya hapo hayatoki. Mafuta ya nyama na samaki hutaka kunyonywa kwanza. Unga wa mahindi au poda hunyunyizwa, huachwa kwa saa kadhaa, hufagiliwa, ndipo sabuni ya vyombo itumike. Chai huacha rangi ya kahawia ambayo hukolea zaidi ikikutana na magadi. Siki iliyopunguzwa kwa maji hufaa zaidi.

Mkojo ndio adui mkubwa. Ukiwa mbichi, hutoka kwa urahisi: unanyonywa kwa kitambaa kikavu, kisha panasuuzwa kwa maji baridi. Ukikaa, hugeuka na kuwa na amonia, hushuka hadi mgongoni, na chumvi zake hubaki humo. Ndiyo maana zulia linaloonekana safi hunuka tena siku ya unyevu. Kusugua uso hakusaidii. Sehemu hiyo ilowe hadi chini, ikamuliwe, isuuzwe tena na tena. Kama mkojo umekwisha kula rangi, alama ya njano au nyeupe itabaki. Hapo hakuna uchafu tena wa kuondoa, kwa kuwa rangi yenyewe imekwenda.

Katika miji mingi ya Kenya mazulia huoshwa mahali pa kuoshea magari, kwa mashine ya kurusha maji kwa nguvu. Kwa mkeka wa plastiki njia hiyo haina neno. Kwa kapeti lenye gundi mgongoni ni hatari. Maji ya nguvu hung'oa nyuzi, husukuma uchafu ndani zaidi, na hulitenganisha kapeti na kitambaa chake cha nyuma. Hutumia pia maji mengi ambayo baadaye ni vigumu kuyakausha.

Zulia la Kakuma: tope la mafuriko

Mto Tarach, unaopita Kakuma, hukauka kwa miezi mingi, kisha hujaa kwa ghafla mvua inaponyesha milimani. Kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa mwaka 1992 na mji wa wenyeji zimewahi kufikiwa na mafuriko hayo. Lodwar nako, maeneo yaliyo karibu na Mto Turkwel na lagha ya Kawalase hayajasalimika.

Maji ya mafuriko hupita chooni, penye mifugo, penye takataka na penye mafuta ya magari. Kwa hiyo zulia lililolala ndani yake lihesabiwe kuwa limebeba vijidudu vya magonjwa, hata kama linaonekana kuwa na tope tu. Isitoshe, ukungu huanza kuota katika zulia lenye maji ndani ya saa 24 hadi 48. Zulia lililokunjwa likiwa na maji katika joto la Turkana ni nyumba ya ukungu. Ukungu huo ukivutwa hewani husumbua mapafu, hasa ya watoto, wazee na wenye pumu.

Kanuni ni fupi. Zulia nene lililolowa kwa maji ya mafuriko, ambalo halikukaushwa ndani ya siku mbili, litupwe. Mkeka wa plastiki usio na gundi wala kitambaa cha nyuma waweza kuoshwa kwa sabuni, kusuuzwa, kupakwa jik iliyochanganywa na maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, kusuuzwa tena, na kuanikwa juani.

Anayeshika zulia kama hilo avae glovu, gambuti na barakoa. Watoto wakae mbali. Lisichomwe moto karibu na makazi, kwa kuwa moshi wa plastiki ni sumu. Likatwe vipande, lifungwe, lipelekwe mahali pa kutupia taka palipokubaliwa. Kulikata kuna faida nyingine: hakuna atakayeliokota na kwenda kulilaza mtoto juu yake.

Dawa zisizochanganywa kamwe

Sehemu hii isomwe mara mbili, kwa kuwa inahusu uhai wa msafishaji.

Jik na siki havichanganywi. Vikikutana hutoa gesi ya klorini inayochoma macho na mapafu. Jik na amonia havichanganywi. Mkojo wa zamani una amonia, kwa hiyo jik ikimwagwa juu ya zulia la mkojo ndani ya chumba kilichofungwa, gesi yake inaweza kumdhuru mfanyakazi. Jik na dawa ya choo yenye asidi havichanganywi.

Jik haiwekwi kwenye sufi kwa namna yoyote. Haiusafishi, bali huuyeyusha. Petroli na mafuta ya taa visitumike kuondoa madoa. Huwaka kwa urahisi, huyeyusha gundi ya mgongoni, na harufu yake haitoki.

Kila dawa ibaki katika chupa yake yenye jina. Chupa ya soda iliyojazwa dawa imewahi kuwa msiba katika nyumba nyingi.

Uharibifu ambao si uchafu

Wakati mwingine zulia halihitaji maji bali sindano. Tamvua, yaani nyuzi za ncha, zikianza kufumuka, mshono imara pembeni husimamisha hasara siku hiyo hiyo. Mpasuko ushonwe kabla ya kuosha, kwa sababu uzito wa maji huurefusha. Tundu la moto laweza kuzibwa kwa kipande kilichotolewa chini ya kabati, mahali pasipoonekana.

Sehemu zilizoliwa na nondo au mchwa zichunguzwe pande zote mbili. Wadudu wa sufi hupenda mahali penye giza pasipofagiliwa, kama chini ya kitanda. Dawa bora ni kulihamisha zulia na kulifagia mara kwa mara, upande wa nyuma pia.

Mikeka ya mkoma, ambayo akina mama wa Eliye Springs na kwingineko Turkana huisuka kwa majani ya mti unaoitwa eng'ol kwa Kiturkana, ina masharti yake. Isilowekwe. Majani yakinywa maji mengi huvimba, yakikauka hujikunja na kuvunjika. Mkeka ukung'utwe, ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, uanikwe kivulini. Ukiwa mgumu sana, unyunyiziwe maji kidogo kabla ya kukunjwa. Mstari mmoja ukikatika, mpelekee msusi mapema. Atauingiza mstari mpya kwa muda mfupi, na fedha za kazi hiyo zitabaki nyumbani Turkana.

Kukausha: nusu ya kazi

Sufi unaweza kubeba unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake bila mkono kuuhisi. Ndiyo maana zulia lililorudishwa sakafuni mapema huanza kunuka siku ya tatu. Mgongo uguswe, si uso peke yake.

Zulia lianikwe juu ya kitu kinachopitisha hewa chini na juu, kama vitanda vya kamba au miti iliyolazwa. Kivuli chenye upepo, mfano chini ya mti wa ewoi, kinafaa kwa mazulia yenye rangi. Jua kali litumike kwa muda mfupi, na upande wa nyuma uelekezwe juu. Upepo wa vumbi ukianza, zulia lifunikwe kwa kitambaa chepesi kinachopitisha hewa. Turubai la plastiki lisitumike kufunika, kwa kuwa litazuia unyevu kutoka.

Ubaridi na ukavu ndivyo vinavyolinda sufi. Mwaka 1949, katika milima ya Altai huko Siberia, wachimbaji wa mambo ya kale walipata zulia la sufi lenye umri wa zaidi ya miaka 2,000 ndani ya kaburi lililojaa barafu. Bado rangi na nakshi zake zinaonekana. Barafu iliwazuia ukungu na wadudu kufanya kazi yao. Turkana haina barafu, lakini ina hewa kavu, na hewa hiyo ni mali ya msafishaji anayejua kuitumia.

Maji machafu yaende wapi

Maji yaliyooshea zulia yana sabuni, rangi, mafuta na vijidudu. Yasimwagwe mtoni, kisimani, ziwani wala kwenye chemchemi. Kanuni za Ubora wa Maji, zilizo chini ya sheria ya mazingira ya Kenya, zinakataza kuchafua vyanzo vya maji. Shimo lenye kokoto na mchanga, mbali na chanzo cha maji na mahali watoto wanapocheza, linatosha kwa kazi ndogo. Maji ya suuza ya mwisho, yasiyo na tope, yaweza kutumika kuanzia zulia linalofuata la plastiki.

Kumwambia mwenyewe ukweli

Ugumu mkubwa wa kazi hii haumo katika doa. Umo katika mazungumzo. Ufuatao ni mfano wa msafishaji kijana na mama aliyeleta zulia kutoka Kakuma.

“Ejoka, mama. Habari ya safari?”

“Njema, mwanangu. Zulia langu umeliona?”

“Nimeliona, mama. Lilikaa majini siku ngapi?”

“Siku nne. Tulilifunga ili lisiibiwe. Lilinunuliwa na baba watoto kabla hajafariki. Nitakulipa, hata kama ni zaidi.”

“Pole, mama. Tafadhali njoo uone mgongo wake. Haya madoadoa meusi ni ukungu, na gundi imeachia. Nikiliosha litapendeza macho kwa siku chache, lakini ukungu utabaki ndani, na wajukuu watalala juu yake.”

“Kwa hiyo unaniambia nilitupe?”

“Ndiyo, mama. Siwezi kuchukua pesa yako kwa kazi ambayo najua haitasaidia. Ukipenda, tulipige picha pembe hii yenye nakshi kabla ya kulikata. Na siku nyingine maji yakiingia, lifungue na ulianike siku hiyo hiyo, hata likiwa na tope.”

Mama alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Basi lipige picha. Uonyeshe vizuri hilo ua jekundu.”

Kijana huyo amepoteza malipo ya siku moja. Lakini mama amerudi Kakuma akijua la kufanya mafuriko yajayo, na hakuna mtoto atakayekohoa kwa sababu ya zulia lililosafishwa juu juu.

Kwa mazulia yanayopokewa, msafishaji aandike karatasi fupi katika nakala mbili: aina ya zulia, kasoro zilizoonekana likiwa kavu, doa lisiloahidiwa kutoka, bei, na siku ya kulichukua. Pande zote mbili zitie sahihi, na picha ipigwe kwa simu. Karatasi hiyo humlinda msafishaji dhidi ya lawama, na humlinda mwenye zulia dhidi ya ahadi hewa.

Muhtasari

1. Uamuzi ufanywe kabla ya kuongeza maji: nyuzi, mgongo, rangi, na historia ya doa.
2. Mchanga utolewe kwanza, bila maji.
3. Maji ya ziwa hayaoshi sufi. Maji ya chemchemi hubebwa, zulia halipelekwi kwenye chemchemi.
4. Protini kwa maji baridi, mafuta kwa unga, chai kwa siki iliyopunguzwa.
5. Zulia nene la mafuriko lililopita siku mbili bila kukauka litupwe.
6. Jik haichanganywi na kitu chochote zaidi ya maji, na haiwekwi kwenye sufi.
7. Kukausha kukaguliwe mgongoni.
8. Ahadi isiyowezekana isitolewe.

Maswali ya kujikumbusha

1. Uzi uliochomwa umeyeyuka na kuacha tone gumu. Zulia hilo ni la aina gani?
2. Kwa nini zulia la mkojo huanza kunuka tena siku ya unyevu ingawa uso wake ni safi?
3. Jirani anataka kumwaga jik juu ya zulia la mkojo wa zamani ndani ya chumba. Utamwambia nini?
4. Zulia la sufi limelowa maji ya Ziwa Turkana jana usiku. Taja hatua tatu za kwanza.
5. Nyumbani kwako kuna zulia gani ambalo hujawahi kulipindua ukaona mgongo wake? Lipindue leo.